Inauzwa: nyumba ya 1912, ndani imekarabatiwa

Karatasi ya dalali ilikuwa nzito, ile ya mng'aro wanayotengenezea kadi za harusi, na juu kabisa wameandika jina la msanifu kwa herufi kubwa kuliko bei. Chini ndo yakafuata mengine: vyumba vitano vya kulala, jiko jipya, bafu tatu mpya, bustani imepandwa upya, na kisentensi kimoja kilichonifanya nicheke peke yangu ndani ya gari, ati ndani kote kumekarabatiwa kwa uangalifu huku uasilia wa 1912 ukihifadhiwa. Nilicheka manake huo uangalifu naujua, nimeupumua miezi mitatu, vumbi lake bado liko kwenye viatu vyangu vya kazi. Mimi ndo niliyeziba nyufa za ile nyumba.

Anwani siitaji, na msanifu pia simtaji, manake Oak Park ni kijiji, ukisema jina tu mtu ashajua mtaa gani na mlango wa ngapi, na wenye nyumba hawakuniomba niwaandike. Jua hivi tu: alikuwa mmoja wa vijana waliopita kwenye studio ya Frank Lloyd Wright, yule msanifu majengo maarufu wa Marekani, kabla Wright hajaiacha 1909, akachukua alichokiona pale akaenda kujitegemea. Walikuwa wengi hao. Marion Mahony na Walter Burley Griffin walitoka studio ile ile, wakaoana, na 1912 mume akashinda shindano la kupanga mji mkuu wa Australia, Canberra, kwa michoro aliyoichora mke. Wangu mimi hakufika huko, alibaki hapa hapa akiwachorea nyumba wafanyabiashara wa Chicago.

Kwa asiyepajua, Oak Park iko magharibi mwa Chicago, unapanda treni ya laini ya kijani, ukivuka barabara ya Austin ushafika. Mji mdogo, lakini una majengo karibu 25 ya Wright mwenyewe, mengi yake ni nyumba ambazo watu wanaishi, wana watoto, wana mbwa, wanatoa takataka Jumatano, na kila wikendi kuna mtalii amesimama nje na simu anapiga picha dirisha la chumba cha mtu. Siku ya kwanza kuona hivo nikakumbuka kwetu Lamu papo hapo. Si kwa sura, sura haziingiliani kabisa. Ni ile adha ya kukaa ndani ya kitu ambacho watu wengine wamekuja kukitazama.

Mimi ni mzaliwa wa Lamu, Mkomani, babangu ni fundi chokaa. Nilikuja huku kwa mambo mengine kabisa, hayo tuyaache, nikajaribu hiki nikajaribu kile, mwisho nikaishia ukutani kama babangu, tofauti ni kwamba yeye anapanda ngazi pekupeku na mimi nalazimishwa kofia ngumu. Bosi wangu ni Mpolandi, mtu mwema, ana haraka.

Siku ya kwanza nilizunguka ile nyumba nikitafuta mlango. Kweli kabisa. Nyumba nyingi hapa mlango uko uso kwa uso na barabara, na ngazi zake na kibaraza chake, hata kipofu anaupata. Hii hapana. Unapita ubavuni, unapinda, unaingia kwenye kiukumbi kifupi chenye giza kidogo, dari iko karibu na kichwa mpaka unajikunyata, halafu unapinda tena, unapanda ngazi tano hivi, ghafla sebule inafunguka na mwanga unamwagika kutoka pande tatu. Nilisimama pale na ndoo ya vifaa mkononi nikasema subhanallah, hii si tekani hii?

Nyumba za mawe za kwetu ndivo zilivo. Nje kuna daka, na viti vyake vya mawe, hapo wanaume wanakaa na mgeni anaishia hapo kama hana la maana. Ukipita mlango uko kwenye tekani, na tekani imepindishwa makusudi ili anayepita njiani asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Ukimaliza kupinda ndo unatoka kwenye kiwanda, uwazi wa katikati, jua linakupiga usoni. Sisi tulifanya kwa ajili ya sitara. Wright na vijana wake walifanya kwa ajili ya nini sijui, wenyewe wanasema mtu abanwe kidogo ndo aone raha ya kuachiwa, na pia kweli ukiwa sebuleni mle unamuona anayepita barabarani lakini yeye hakuoni, kwa jinsi kuta za kibaraza zilivyoinuliwa. Sidhani kama walishawahi hata kusikia jina la Lamu. Wright alivutiwa na Wajapani, aliliona jengo lao kwenye maonyesho makubwa ya Chicago 1893 na 1905 akaenda Japani mwenyewe. Na ile dari ya chini, mwenyewe alikiri kwamba kipimo alichotumia ni kimo chake, futi 5 na inchi 8 na nusu. Yaani mtu mrefu shauri yake.

Ila kuna kitu kimoja kinachogeuka kabisa. Nyumba ya kwetu upana wa chumba unaamuliwa na boriti. Mkoko hauwezi kubeba dari la mawe na chokaa ukizidi mita mbili na nusu na kidogo, kwa hiyo vyumba vyote vya Lamu ni virefu na vyembamba, uwe tajiri uwe maskini, tajiri atazidisha zidaka, vile vishubaka vya ukutani, lakini upana hazidishi. Hawa wa huku walipata chuma. Nenda kaangalie Robie House, nyumba ya Wright kule Hyde Park, Chicago, ya 1910, paa linatoka nje ya ukuta kama bawa, chini hakuna nguzo, na mwashi ameambiwa chokaa ya kati ya matofali aichimbe kwenye mistari ya kulala tu, ile ya kusimama aifiche kwa rangi ya tofali, ili jicho likimbie kushoto kulia lisipande juu. Ujanja wa fundi ule. Niliusogelea karibu na pua mpaka mlinzi akakohoa.

Haya, tuje ukutani, manake huko ndiko nilikoishi. Nyumba za wakati ule hapa hazina mbao za jipsamu. Ni fito. Ndiyo, fito, kama nyumba ya udongo ya shamba, ila hizi ni mbao nyembamba zilizopasuliwa sawasawa na kupigiliwa kwa safu, kati ya ufito na ufito kuna upenyo ambao penseli inapita kwa shida. Fundi anakandika plasta mara tatu. Ile ya kwanza ina manyoya ya mnyama ndani ili ishikane, anaisukuma kwa nguvu ipenye kwenye upenyo, itokee upande wa pili, ijikunje kwa nyuma kama ndoano ikakaukia hapo. Hizo ndoano ndo zinazobeba ukuta mzima. Sasa miaka mia na zaidi nyumba inatanuka kiangazi, inajikunyata baridi, watoto wanabamiza milango, ndoano zinakatika moja moja huko nyuma hakuna anayeona, na ukuta unabaki umesimama kwa mazoea tu.

Unajuaje? Kwa kiganja. Unaukandamiza ukuta polepole kama mtu anayempima mtoto homa, mahali pazima panakataa, mahali palipokatika panakubali kidogo, panarudi nyuma kama unene wa kucha, halafu ukigonga kwa kifundo sauti inakuwa ya chungu kitupu. Nilizunguka ghorofa ya chini yote hivo na chaki, nikawa naweka alama. Bosi akaja akaona chaki imejaa akasema toa yote, tubandike jipsamu, siku nne tumemaliza. Nikamwambia sawa, lakini njoo uone hapa.

Kwenye nyumba hizi kuna mikanda ya mbao ya mwaloni inayozunguka ukuta, juu ya mlango, juu ya dirisha, inapanda inakata dari, ndo inayochora chumba. Mikanda ile imepigwa juu ya plasta kwa kina maalum. Plasta ya fito ni nene, jipsamu ya kawaida ni nusu inchi. Ukibadilisha, ukuta unarudi nyuma na mkanda unabaki umejitokeza, na jioni jua likilala kila mkanda unatupa kivuli kizito ambacho hakikuwepo, chumba kizima kinaonekana kama kimevaa shati la kaka yake. Nilimuonyesha kwa tochi. Akaguna. Akampigia mwenye nyumba. Mwishowe tukakubaliana nusu kwa nusu kama kawaida ya dunia: chini plasta ibaki niitibu, juu kwenye bafu na vyumba viwili itolewe.

Kuitibu ni kazi ya subira. Unatoboa vitundu, unanyunyiza gundi nyuma, unaivuta plasta kwa skrubu zenye visahani mpaka ishikane na fito tena, unasubiri, unatoa visahani, unaziba. Na vumbi. Rangi ya risasi ilipigwa marufuku majumbani 1978, kwa hiyo nyumba yoyote ya kabla ya hapo unaihesabu ina sumu mpaka uthibitishe vingine, unavaa barakoa, unatandaza nailoni, unakwangua kwa kulowesha, jioni hubebi nguo zile nyumbani kwa watoto. Hilo kwenye karatasi ya dalali halimo, isipokuwa ile fomu ya sheria ambayo kila mnunuzi anasaini bila kusoma.

Mahali pamoja, karibu na dirisha la ngazi, plasta ilikuwa imekufa kabisa, upana wa mkeka wa kuswalia. Hapo nikatoa. Fito zilipobaki uchi nikaona penseli. Fundi wa kwanza alikuwa anajumlisha kitu, 14, chini yake 9, chini yake 22, akapiga mstari, akaandika 44. Kakosea moja. Sijui alikuwa anahesabu nini, siku za kazi, mafurushi ya fito, pesa anazodai. Nilipiga picha nikamtumia babangu, akanijibu kwa sauti ya WhatsApp huku anacheka, "huyo katika hesabu kama mimi." Sikuisahihisha. Nikaikandika plasta yangu juu yake na mchanga wa kulinganisha na wa zamani, manake kuta zile si laini, wamezikwaruza kwa ubao ili mchanga utokeze, na rangi imechanganywa humo humo ndani. Kupata ule mkwaruzo sawa kulinichukua siku mbili na kujaribu mara sita ubaoni.

Kilichoniuma kilikuwa juu. Kulikuwa na bafu moja ambalo si la 1912, mtu alilitia baadaye sana, kwa vigae vyake naona kama miaka ya 1930: kijani cha papai bichi, ukingo mweusi, sinki la pembe, kila kigae kimekaa kwenye mstari bila hata nywele kupinda. Kazi safi kupindukia. Likavunjwa lote kwa nyundo asubuhi moja. Kosa lake? Si la zamani vya kutosha kuitwa asili na si jipya vya kutosha kuitwa jipya. Mteja anataka 1912 sebuleni na mwaka huu bafuni, katikati hapana. Sasa ndo nimeanza kuona ukarabati wote uko hivo, nyumba inauzwa ikiwa na miaka miwili tu, wa kuzaliwa na wa leo, ile mingine yote ambayo watu walikaa humo wakazaa wakagombana wakafa, inachukuliwa na lori la takataka.

Na si madalali peke yao. Nyumba ya Wright mwenyewe, ile aliyoijenga 1889 kwa kukopa dola 5,000 kwa bosi wake Louis Sullivan, baada ya yeye kuondoka ilikatwakatwa vyumba vya kupangisha, watu baki wakaishi humo miongo na miongo. Ilipookolewa, kuanzia 1974 mpaka 1987, walibishana irudishwe mwaka gani, wakaamua 1909, mwaka wake wa mwisho pale. Kilichoongezwa baada ya hapo kikatolewa. Nimeitembelea, ni nzuri, chumba cha kuchezea watoto kina dari la kupinda kama jahazi lililopinduliwa, sina neno. Lakini nilikuwa nawatafuta wale wapangaji. Sikuwaona popote.

Hapa lazima niseme la nyumbani, nisiposema nitakuwa naficha.

Nyumba ya bibi yangu iliuzwa. Ilikuwa ya mawe, ya zamani za mababu, na bibi alipofariki warithi walikuwa kumi na moja, wengine Mombasa, wengine Jeddah, na nyumba haigawanyiki kama mkate. Ikauzwa kwa Mzungu. Mzungu akataka irudishwe karne ya 18. Na fundi chokaa aliyeitwa kuirudisha alikuwa nani, kama si babangu. Bibi wakati wake alikuwa ameweka sakafu ya saruji nyekundu, ile ya kung'arishwa kwa nta, na kuta ameziba kwa saruji akazipaka rangi ya mafuta, kijani, mpaka kiunoni, na zidaka mbili akazijaza mawe apate pa kuegemeza kabati. Babangu akabandua yote kwa patasi, saruji ya mamake mzazi, akalipwa kwa siku. Nilikuwa mvulana, nilikuwa nambebea ndoo.

Na kitaalamu Mzungu alikuwa sawa, nisimsingizie. Saruji inaua ukuta wa matumbawe, inafungia unyevu ndani, chumvi inapanda, jiwe linaoza taratibu. Chokaa inapumua. Babangu alikuwa akimwambia bibi hivo miaka yote na bibi anamjibu saruji inafagilika. Kwa hiyo ilitoka, chokaa ikarudi, zidaka zikafunguliwa, birika la chooni lenye visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu likahifadhiwa kwa uzuri, na kwenye kiwanda wakachimba bwawa la kuogelea. Imetoka kwenye majarida. Jiko la bibi lilikuwa juu, kidari cha meko, moshi uende zake. Siku hizi pale juu wageni wanakunywa vitu vyao wakitazama jua likizama. Nilipita mlangoni mara ya mwisho nilipokwenda, daka imepigwa chokaa safi, nikakaa dakika mbili. Kijana mlinzi akanisalimia kwa heshima, "karibu mgeni."

Basi, turudi Oak Park.

Watu huniuliza kwa nini nyumba ya msanifu maarufu inachukua muda kuuzika wakati nyumba za kawaida hapo hapo zinagombaniwa. Jibu ni kwamba nyumba yenye jina ina masharti ya jina. Baadhi zimefungwa mkataba unaoifuata nyumba badala ya kumfuata mtu: mwenye nyumba alikubali huko nyuma kwamba sura ya nje, wakati mwingine na vyumba vya ndani, visibadilishwe bila idhini ya shirika fulani la uhifadhi, milele, na kila atakayenunua anarithi hilo sharti. Nilipoelezwa mara ya kwanza nikasema aa, wakfu. Wakfu wa sura. Nyumba ni yako, uza, pangisha, lala humo, ila uso wake ulishatolewa. Wanunuzi wengi wakifika hapo wanarudisha karatasi.

Lakini zisipofungwa hivo huishia wapi? Kuna nyumba ya Wright ya kule Wayzata, Minnesota, ya familia ya Little, ilibomolewa 1972. Sebule nzima ikanunuliwa na jumba la makumbusho la Metropolitan la New York, iko humo mpaka leo, maktaba ikaenda Allentown, Pennsylvania, ukumbi mmoja ukabaki Minneapolis. Niliposoma hilo nilisema hii kweli mirathi, kila mrithi kapata chumba. Na Robie House yenyewe, hao akina Robie waliohangaika kuijenga hawakukaa hata miaka miwili, deni na ndoa vikawashinda 1911 wakauza, ikapita mikononi mwa watu, ikaangukia kwa chuo cha dini kilichotaka kuibomoa kijenge bweni, na 1957 Wright akaja mwenyewe, karibu miaka 90, kuitetea. Ikanusurika. Tangu 2019 iko kwenye orodha ya Unesco, pamoja na majengo mengine saba yake. Lamu yetu iliingia 2001, tumewatangulia.

Kuna afueni kidogo ya kodi, niseme kwa haki. Kodi ya nyumba Oak Park ni ya kutoa machozi, lakini jimbo la Illinois lina mpango kwamba ukiishi mwenyewe kwenye nyumba ya kihistoria, ukatumia kuikarabati angalau robo ya thamani yake na kazi ikafuata masharti, makadirio ya kodi yanagandishwa miaka 8, halafu yanapanda kidogo kidogo miaka 4 mpaka kawaida. Ndo sababu pia bafu la kijani linauma, manake hesabu hiyo ndo ilimfanya mwenye nyumba aanze kazi, na ndani ya hesabu hiyo hiyo likavunjwa.

Halafu kuna maji. Paa za hawa jamaa ni za kulala, zinatoka nje mbali, nzuri kupita maelezo, na zinavuja. Kuna kisa kinasimuliwa hapa kila fundi anakijua, cha tajiri Johnson wa Racine, Wisconsin, Wright alimjengea jumba, siku ana wageni mezani maji yakaanza kumdondokea kwenye upara, akampigia simu Wright kwa hasira, Wright akamjibu sogeza kiti. Kama ni kweli au chumvi, paa la nyumba yetu lilikuwa na ndoo tatu darini na zilikuwa za enzi tatu tofauti, moja ya bati, moja ya plastiki nyeupe, moja ya rangi ya ukutani ya juzi juzi. Nilimweleza babangu. Akasema kwa Kiamu chake, "Nyumba adui yake ni mayi, yakingia kitwani yameshafika miguuni." Basi paa likafumuliwa, hapo sikuwepo, walikuja watu wa paa na muziki wao.

Jiko sitalieleza sana. Lilikuwa dogo, la mtumishi, mlango wa nyuma, bibi wa nyumba hakutarajiwa kuingia. Sasa ni kubwa, ukuta mmoja umetolewa, kaunta ya jiwe jeupe katikati ndefu kama jeneza la jitu, friji lina uso wa mbao linajifanya kabati. Zuri. Ungeweza kulitoa ukalitia kwenye nyumba yoyote ya Marekani lisistuke.

Bustani je? Hapo nilibadili mawazo. Nilidhani watatandika nyasi za zulia kama kwa watu. Kumbe mwenye nyumba aliajiri mama mmoja anayefuata mafunzo ya Jens Jensen, Mdenmaki aliyekuja Chicago akawa mtunza bustani wa mji, akasema kwa nini tunapanda maua ya Ulaya yanayokufa wakati mbuga ya hapa ina yake. Huyo mama alikuwa anakuja na buti na thermosi ya chai, anapanda kwa magoti. Nyasi ndefu za mbuga, maua ya njano yenye jicho jeusi, mengine ya zambarau yaliyoshusha petali na kichwa cha katikati kina miiba kama nungunungu. Kuna mimea, aliniambia, mizizi yake inashuka chini kuliko mimi nilivyo mrefu, ndo maana haisumbuliwi na kiangazi. Nilimpa sambusa siku moja. Alizipanga zile nyasi hivi kwamba zikipigwa upepo zinalala upande mmoja, sambamba na mstari wa paa, na mimi niliyekaa miezi mitatu ndani nikitazama ukuta kwa inchi, nilitoka nje jioni ile nikauona mchoro wa yule kijana wa 1912 kwa mara ya kwanza.

Siku ya kufungua nyumba watu waje kuangalia, tulikwenda, mimi na mke wangu. Sikuwa na kazi pale, nilitaka tu aone. Nilivaa kanzu maana tulikuwa tunatoka msikitini, yeye na buibui lake, dalali akatupokea vizuri tu, akatupa vifuniko vya viatu na karatasi ya mng'aro, hakunijua, tulikuwa hatujawahi kuonana. Bei imezidi milioni moja ya dola. Mke wangu akaisoma, akainua nyusi, akaninong'oneza, "Hii unaichukua kwa pesa taslimu au?"

Tulizunguka na kundi la watu kama wanane. Dalali ni hodari, anajua kunyamaza pale kwenye kiukumbi cha giza mpaka watu wapande wafikie mwanga wenyewe, nikamheshimu. Tulipofika ngazi akasimama karibu na dirisha, akaweka kiganja ukutani, akasema hapa ndo mahali anapopapenda yeye kuliko pote, angalieni huu mkwaruzo wa mchanga, plasta ya asili, haijaguswa tangu 1912, hamna fundi leo anayeweza kuitoa hii.

Kiganja chake kilikuwa juu ya kipande changu. Katikati kabisa. Nyuma yake, 14 na 9 na 22.

Mke wangu alijua, nilishamwonyesha picha, akanifinya mkono mpaka alama. Mzee mmoja mbele yetu akapapasa ukuta akasema kweli hawapo tena. Mimi nikatazama vigae vya sakafu. Ningesema nini, na angeniamini nani?

Tukiwa garini nikampigia babangu, Lamu ilikuwa usiku tayari lakini halali mapema. Nikamtumia picha ya ukuta mzima niliyoipiga pale ngazini, sikumwambia kitu, nikamuuliza tu, "Baba, hebu angalia, kipande changu kiko wapi?" Akawa kimya, nikasikia anaisogeza simu karibu na mbali, anapumua.

"Hapo kando ya dirisha," akasema. "Mtanga umezidi."